Mtoto Akienda Kupasuliwa, Mzazi Asibaki Nje Kimya

Mzazi akiambiwa mwanawe atafanyiwa upasuaji, swali lake la kwanza huwa moja: "Ataamka?" Jibu la kweli ni kwamba karibu wote huamka. Mzazi akishajibiwa hivyo hushusha pumzi na kunyamaza, na hapo ndipo ninapopenda kumvuta kando. Lipo swali la pili, ambalo wachache huliuliza: jambo likienda kombo, nani atakayeliona kwanza?

Mwaka 2024 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa upasuaji wa watoto barani Afrika, uliofanyika katika hospitali 249 za nchi 31. Katika kila watoto 100 waliopasuliwa, 18 walipata tatizo fulani baadaye, na wawili na zaidi kidogo walifariki. Humo wamo watoto wa dharura na wa upasuaji mkubwa, si wa ngiri peke yake, kwa hiyo usizichukue tarakimu hizo ukazibandika kwa mtoto wako mwenye afya. Kilichonigusa mimi ni kingine. Kati ya waliopata tatizo, takriban mmoja katika kila kumi hakupona. Kupata tatizo ni jambo moja, kufa kwalo ni jingine, na kati ya hayo mawili mara nyingi kuna saa chache ambazo mtoto yuko mapajani mwa mama yake huku muuguzi wa zamu akihangaika na wodi nzima.

Maumivu, kichefuchefu na homa ndogo ya siku ya kwanza ni ya kawaida, na utaelezwa wodini. Nitasema yale adimu, ambayo mzazi anaweza kuyazuia kwa kusema jambo fulani mapema, au kuyaokoa kwa kuliona kabla ya wengine.

Anza na ukoo. Mwaka 1960 huko Melbourne, Australia, kijana wa miaka 21 aliletwa hospitali amevunjika mguu baada ya kugongwa na gari. Hofu yake haikuwa ya mguu bali ya nusu kaputi: alisema ndugu zake kumi walikufa walipopewa etha. Madaktari hawakumpuuza. Waliacha etha, wakampa halothane, dawa iliyokuwa mpya wakati ule. Baada ya dakika chache presha ikashuka, moyo ukaenda mbio, mwili ukawaka moto. Wakasitisha dawa, wakamzungushia barafu, akapona. Michael Denborough na mwenzake Roger Lovell waliandika habari zake, na ndipo dunia ya tiba ilipoanza kuutambua ugonjwa ambao leo unajulikana vizuri: baadhi ya watu huzaliwa na misuli ambayo, ikikutana na gesi za usingizi kama halothane, isoflurane na sevoflurane, au na sindano ya suxamethonium inayolegeza misuli, huachia kalsiamu bila breki. Misuli hukakamaa, taya hugoma kufunguka, hewa chafu hujaa damuni, joto hupanda. Mzazi mmoja akiwa na kasoro hiyo, kila mtoto wake ana nusu ya uwezekano wa kuirithi.

Ipo dawa yake, dantrolene, lakini si kila hospitali kwetu inayo kabatini. Kwa hiyo kinga kubwa ni kujua kabla. Mtaalamu wa usingizi akijua, ana njia nyingine salama: propofol au ketamine kwa mshipa, au ganzi ya mgongoni. Asipojua, atatumia gesi ya kila siku kama anavyoitumia kwa watoto wote.

Na hapa tuna tabu ya kwetu. Ndugu akifia chumba cha upasuaji, ukoo husema siku zake zilifika, au kwamba ulikuwa mkono wa mtu. Maneno hayo yanafariji msiba, lakini yanafunika habari ambayo mjukuu ataihitaji miaka thelathini baadaye. Kabla ya tarehe ya upasuaji, mpigie simu bibi mzaa baba na bibi mzaa mama, wote wawili. Usiwaulize "kuna ugonjwa wa kurithi?" maana watajibu hakuna. Uliza hivi: "Bibi, kuna mtu wetu aliyepelekwa kupasuliwa akafia humo ndani au akatoka akiwa hajitambui? Kuna aliyechelewa sana kuamka, akawekewa mashine ya kumpumulia? Kuna aliyepandwa na joto kali palepale?" Kuchelewa kuamka nako kuna maana yake: wapo watu ambao damu yao haina kimeng'enya cha kuivunja suxamethonium, dawa ya dakika chache ikawakalia kwa saa. Hilo si hatari kubwa kama mashine ya kupumulia ipo na mtu wa kukaa naye yupo. Ni hatari kama hakuna aliyelitarajia.

Ukiwa na mtoto wa kiume aliyechelewa kutembea, anayeanguka ovyo, anayeinuka sakafuni kwa kujisukuma na mikono juu ya mapaja yake huku mashavu ya miguu yamenenepa kupita kiasi, litaje hilo hata kama umeitwa kwa ajili ya meno tu. Huenda misuli yake ina ugonjwa ambao haujapimwa, na suxamethonium hiyohiyo inaweza kuusimamisha moyo wake ghafla. Na kwa mtoto mwenye mgongo wazi au aliyeshapasuliwa mara nyingi, sema kama midomo yake huvimba akipuliza puto. Glavu za daktari nazo ni mpira, na mzio wa mpira huweza kuishusha presha katikati ya kazi pasipo yeyote kujua umetokea wapi.

Sasa selimundu. Kwetu hili si adimu hata kidogo: Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa nao, na Uganda na magharibi mwa Kenya hawako mbali. Adimu ni mzazi anayejua kabla ya kisu. Mtoto ambaye hajawahi kupimwa, anayelia viungo kila msimu wa baridi na macho yake yana umanjano, apimwe kwanza. Chembe zake nyekundu hugeuka umbo zikikosa oksijeni, zikipata baridi au maji yakipungua mwilini, na chumba cha upasuaji kina baridi, kuna kufunga kula, na kupumua kunapungua. Akijulikana, atawekewa dripu mapema badala ya kukaa na kiu, atafunikwa vizuri, na huenda akaongezewa damu. Akitoka, tatizo la kuogopwa ni la kifua, nalo mara nyingi halimjii siku ileile. Humjia siku ya pili au ya tatu, wakati kila mtu ameanza kuzungumzia kuruhusiwa. Homa, kifua kuuma, kuhema kwa haraka: mwite daktari, usingoje raundi ya asubuhi. Wakati huohuo mkalishe kitako, mpe puto apulize mara kadhaa kila saa akiwa macho, kama hana mzio niliousema. Mapafu yanayotanuka hayawi makazi ya nimonia kirahisi.

Taja pia dawa za kienyeji alizopewa wiki hiyo, na kama amekatwa kimeo. Najua wengi huona haya kulisema mbele ya daktari. Mwambie muuguzi pembeni basi, lakini liandikwe kwenye faili. Koo lililokatwa na wembe wa mtaani linaweza kuwa na kovu au kidonda kinachotoa damu, na mtu anayekwenda kupitisha mrija wa hewa humo anastahili kujua.

Mafua ndiyo kitu kinachofichwa kuliko vyote, na ninawaelewa wanaoyaficha. Familia imetoka Newala au Korogwe, nauli imeshaliwa, baba ameomba ruhusa kazini, foleni ya upasuaji ni ya miezi. Asubuhi mtoto anakohoa, mama anampangusa kamasi kabla hajaitwa. Mtoto mwenye mafua, au aliyepona wiki moja tu iliyopita, kongomeo lake lina hasira. Likiguswa na mate au mrija wakati anapoingia usingizini au anapotoka, linaweza kujifunga kabisa asiingize hewa. Wataalamu wanajua la kufanya na mara nyingi hufunguka, lakini kwa mtoto mchanga sekunde hizo ni ghali, na watoto huishiwa oksijeni upesi kuliko watu wazima. Sema ukweli na umwachie mtaalamu wa usingizi aamue. Kamasi nyepesi bila homa mara nyingine hazizuii kitu. Kikohozi cha makohozi na homa huahirisha wiki mbili hadi nne au zaidi. Kuvuta sigara ndani ya nyumba, hata dirishani, kunaongeza hatari hiyohiyo. Baba asikasirike akiulizwa.

Kwenye kufunga kula, wazazi hukosea pande mbili. Wapo wanaomwonea huruma mtoto wakampa uji kidogo alfajiri, kisha wakasema hakula. Uji ni chakula. Chai ya maziwa ni chakula. Maziwa ya kopo na ya ng'ombe ni chakula, na yakipanda kutoka tumboni mtoto akiwa amelala yataingia mapafuni. Kanuni inayotumika sana ni hii: chakula, uji na maziwa ya ng'ombe au ya kopo yakome saa sita kabla, ziwa la mama likome saa nne kabla, maji matupu yakome saa mbili kabla, na siku hizi zipo hospitali zinazoruhusu hadi saa moja. Kama mtoto anaingia saa tatu asubuhi, uji wa mwisho ni kabla ya saa tisa usiku, anyonye mara ya mwisho kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na maji kabla ya saa moja asubuhi. Kosa la pili ni kuambiwa "asile tangu saa sita usiku" halafu mtoto wa miezi minne akafika saa nane mchana hajaitwa. Sukari ya mtoto mchanga haina akiba ya namna hiyo. Ratiba ikisogea, simama uende dirishani useme: "Mwanangu hajanyonya tangu alfajiri, na hajaingia bado. Nimpe nini?" Hilo si utovu wa adabu.

Kwa kinachotokea ndani ya chumba cha upasuaji siwezi kukupa cha kufanya, isipokuwa kimoja. Hospitali nyingi hutumia orodha ya Shirika la Afya Duniani ya kuhakiki usalama kabla ya kupasua: jina, upande wa kupasuliwa, mzio, damu iliyoandaliwa. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, ilikuwa moja ya hospitali nane duniani zilizoijaribu orodha hiyo kwanza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009, vifo vikiwa vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Waliohusika walikuwa na umri wa miaka 16 na zaidi, lakini kazi ya orodha ni ileile kwa mtoto. Kwa hiyo ukiulizwa jina la mtoto mara ya tatu, usichoke, wala usidhani hawajui wanachofanya. Kabla hajaingia, mwoshe rangi ya kucha na piko. Kile kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni kinasoma kwa mwanga unaopita kwenye kidole, na rangi nzito huweza kukikanganya. Hirizi na shanga za kiunoni zivuliwe nyumbani kwa utulivu wenu, zisije zikakatwa mlangoni mbele ya bibi.

Akirudishwa wodini, mtazame kwa makini. Kulia kwa fujo, kurusha miguu na kutomtambua mama kwa nusu saa hivi baada ya kuamka kunatisha lakini hupita. Mimi huwaogopa zaidi walio kimya. Mwekee kiganja kifuani uhesabu pumzi dakika nzima. Tazama kama mbavu zinabonyea ndani kila anapovuta hewa, kama pua zinatanuka, kama anatoa mlio wa kukwaruza anapoivuta. Kwa ngozi zetu nyeusi usitafute weupe usoni. Mfunue mdomo wa chini utazame ufizi na ulimi, kisha viganja na nyayo. Kijivu au samawati hapo ni kelele ya kumwita mtu sasa hivi, hata kama kifaa cha kidoleni kinaonyesha namba nzuri, kwa kuwa imeshaonekana kwamba vifaa hivyo wakati mwingine humsomea mtu mweusi oksijeni zaidi ya aliyonayo.

Mtoto aliyezaliwa njiti ana hatari yake ya pekee: anaweza kusahau kupumua saa kadhaa baada ya nusu kaputi, hata kama ngiri yake ilikuwa ndogo na aliamka vizuri. Hatari hiyo hubaki mpaka afikishe takriban wiki 60, ukijumlisha za ujauzito na za tangu azaliwe. Aliyezaliwa wiki ya 32 atakuwa na miezi sita na kitu hapo. Kadi ya kliniki ina namba ya wiki aliyozaliwa. Ionyeshe, na ukiambiwa alale usiku mmoja chini ya uangalizi, usiombe ruhusa ya kuondoka kwa sababu ya gharama ya kitanda.

La dripu wengi hawalijui. Baada ya kupasuliwa, mwili hushikilia maji, mkojo unapungua. Mtoto akijazwa maji yenye chumvi kidogo mno, chumvi ya damu hushuka na ubongo huvimba. Uingereza iliagiza mwaka 2007 dripu ya aina hiyo iondolewe kwenye wodi za kawaida za watoto kwa sababu hiyohiyo. Dalili zake huanza polepole: kichwa kuuma, kutapika kusikokoma, usingizi unaozidi badala ya kupungua, kisha degedege. Kwa hiyo usimwombe muuguzi aifungulie dripu ikimbie mmalizane, na usiiguse wewe. Na degedege baada ya upasuaji si la mganga. Mgeuze ubavu, usimtie kitu mdomoni, piga kelele.

Nyumbani ndiko wazazi hulegea, na nitakaa kidogo kwenye mafindofindo na nyama za puani, maana ndiyo upasuaji ambao watoto wengi huruhusiwa mapema. Damu inaweza kutoka siku ya kwanza, lakini kuna mlango wa pili kati ya siku ya tano na ya kumi, magamba meupe kooni yanapobanduka. Wakati huo mtoto ameshaanza kucheza na bibi ameshaondoka. Usiku anameza. Anameza tena na tena akiwa usingizini, hakohoi, halii. Washa tochi ya simu umtazame kooni. Mtoto anaweza kumeza damu nyingi pasipo tone kuonekana kwenye mto, kisha akatapika kitu cheusi kama mashapo ya kahawa. Damu mbichi hata kijiko kimoja, au kumeza huko kusiko na sababu, ni safari ya hospitali usiku huohuo, na hata ikikoma njiani usigeuze bodaboda. Mara nyingi donge dogo la damu hutangulia mtiririko mkubwa. Mkalishe akiinama mbele, ateme. Asipewe chakula, maana huenda akalazwa tena usingizi.

Maumivu ya koo hilo huzidi siku ya nne au ya tano, na mama mwenye huruma huingia duka la dawa. Paracetamol kwa kipimo cha uzito wake, sawa. Aspirini hapana: inazuia damu kuganda, na kwa mtoto mwenye virusi inaweza kuharibu ini na ubongo. Kodeini hapana kabisa. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliipiga marufuku kwa watoto waliotolewa mafindofindo mwaka 2013, na mwaka 2017 ikaizuia kwa wote walio chini ya miaka 12, pamoja na tramadol. Ini la baadhi ya watu huigeuza kodeini kuwa mofini haraka mno, na mtoto akalala asiamke. Watu wa namna hiyo wako kila mahali, na Ethiopia ni miongoni mwa mahali walipogundulika kwa wingi.

Kwa tumbo, kumbuka rangi moja. Kichanga akitapika kijani, iwe siku ya pili au mwezi wa pili baada ya upasuaji wa utumbo, hiyo ni nyongo, na inaweza kumaanisha utumbo umeziba au umejisokota. Usimpe gripu. Nenda. Mwenye mrija wa kichwa maji akianza kutapika, utosi ukijaa, macho yakabaki yameelekea chini, arudishwe siku hiyohiyo, hata kama kliniki yake ni wiki ijayo. Mwenye plasta ngumu mguuni analia kwa maumivu yasiyosikia dawa, na vidole vyake ukivinyoosha kidogo anapiga yowe: plasta ifunguliwe ndani ya saa moja, si kesho, maana misuli inakufa ndani yake.

Namna ya kusema ina uzito. "Sista, mtoto hayuko vizuri" ni sentensi ambayo wodi huisikia mara hamsini kwa usiku. Jaribu hivi: "Sista, saa mbili alikuwa anahema mara 30 kwa dakika, sasa saa nne anahema 56, mbavu zinabonyea na hajakojoa tangu mchana. Naomba uje umtazame." Saa, namba, kilichobadilika. Asipokuja, rudi. Usipopata jibu, omba aitwe daktari wa zamu, kwa adabu, ukiwa umesimama. Nimewasikia wauguzi wakimwita mama wa namna hii msumbufu, na nimewaona haohao wakimshukuru kesho yake. Kabla ya kuondoka hospitali, andika namba ya wodi kwenye karatasi na si kwenye simu tu, na mpatane na mwenye gari wa jirani kwamba mnaweza kumgongea saa nane usiku. Mnaokaa mbali, ombeni kukaa kwa ndugu mjini mpaka siku kumi za mafindofindo zipite.

Na ikiwa lile adimu lilitokea na mtoto akapona, usiondoke na maneno ya mdomo. Omba barua yenye jina la dawa iliyomdhuru, kilichotokea, kipimo gani kilipanda, na nini kilimsaidia. Kipimo cha kuthibitisha kinaweza kisipatikane karibu nawe. Basi iandikwe wazi kwamba achukuliwe kuwa na hatari hiyo, yeye, wadogo zake, kaka zake na dada zake, mpaka ijulikane vinginevyo. Ipige picha ibaki kwenye simu za wazazi wote wawili, na nakala iwekwe na cheti cha kuzaliwa. Shangazi na mjomba wapewe yao, kwa kuwa watoto wao nao wana tohara, meno na mifupa ya kuvunjika mbele yao, na hospitali watakayokwenda huenda isiwe hii.